SHILINGI YA ULINZI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa chama



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo hutugombanisha mara nyingi tukutanapo, nalo ni fedha itumiwayo na Serikali kwa ulinzi wa nchi. Jambo hili si la wakubwa peke yao. Mtu akienda sokoni, au akingoja zamu yake kwa kinyozi, hakosi kusikia watu wawili wakibishana. Mmoja asema, dawa hakuna hospitalini, mishahara haifiki mwisho wa mwezi, nasi twanunua silaha za kumpiga nani? Wa pili amjibu, na hizo dawa utazinywa wapi siku adui akiingia? Kisha wa kwanza huitwa msaliti, wa pili huitwa mpumbavu, na maneno huishia hapo bila mmoja wao kujifunza neno lo lote kwa mwenziwe.

Sisi makarani tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa macho ya kazi yetu. Mishahara yetu na risasi za askari hutoka katika hazina moja, na kila kinachoongezwa katika fungu hili hutafutwa katika fungu lile. Tena sisi ndio tuandikao. Hati ya malipo hupita mikononi mwetu kabla mlipwaji hajaiona fedha, na stakabadhi hurudi kwetu baada yake. Mtu wa sokoni aweza kusema kwamba hajui, wala hapana wa kumlaumu. Karani akisema hajui, watu humtazama mara mbili.

Maoni yangu nitayasema mapema, ili watakaonipinga wapate nafasi ya kujitayarisha. Naona ya kuwa siri ya vita ni siri ya haki, walakini siri ya bei ni kitu kingine kabisa, na watu wengi huichukua hii ya pili wakaificha chini ya kanzu ya ile ya kwanza. Naona pia ya kuwa mtu aombwaye kulipia ulinzi ana haki ya kuuliza maswali mawili: shilingi yangu imekwenda wapi, na wewe uniombaye umetoa ngapi? Sitatoa hoja za vitabuni. Nitaleta mambo yaliyotokea kwetu, na machache ya majirani.

Naanza na vita vya 1914 hata 1918, kwa sababu jina lake twalikanyaga kila siku. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina moja, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa na vinywa vya watu wetu. Wapagazi hao walichukua unga, risasi na majeruhi mahali ambapo gari halikufika na mnyama alikufa kwa ndorobo. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na tumbo la kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Walikuwa na mshahara, na mshahara uliandikwa. Lakini wengi katika waliokufa jamaa zao hawakupatikana, au hawakutafutwa, au jina lao liliandikwa na mtu asiyejua kulitamka. Basi ikabaki fedha isiyodaiwa. Walikuwako maofisa wa Kiingereza, na haki yao tuwape, waliosema kwamba fedha hiyo itumiwe kwa faida ya Waafrika, maana ni jasho lao. Hazina ya London ikakataa.

Hapo hapakuwa na siri ya vita ya kulindwa, kwa kuwa vita vilikwisha kwisha. Palikuwa na daftari tu, na watu wasioweza kulisoma. Mwaka 1927 sanamu ya askari iliwekwa katikati ya mji wa Dar es Salaam, nayo ni sanamu nzuri, ingali pale. Fedha ya sanamu ilipatikana.

Nayapita mengi hapa katikati, nije kwenye Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilirithi askari wa King's African Rifles, wakaitwa Tanganyika Rifles, na maofisa wao wakubwa wakabaki Waingereza. Siku zile lilikuwako wazo kwamba nchi maskini kama hii haina haja ya jeshi hata kidogo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kuuliza, taifa la Afrika likijiwekea silaha, litampiga nani ila Mwafrika mwenziwe? Wazo hilo msilicheke. Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, iliondoa jeshi lake tarehe 1 Desemba 1948, ikaliandika jambo hilo katika katiba yake ya 1949, nayo imeishi bila jeshi mpaka leo.

Walakini twaitazama pia Togo. Rais Sylvanus Olympio alikuwa mtu wa hesabu, na jeshi lake lilikuwa dogo kwa makusudi. Waliporudi askari waliotumikia jeshi la Wafaransa wakaomba waandikwe katika jeshi la nchi yao, aliwakatalia, kwa sababu fedha haikutosha. Alijibu kama ambavyo mweka hazina ye yote mwangalifu angejibu. Tarehe 13 Januari 1963 wakamuua mjini Lomé.

Mwaka mmoja ukapita, na tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mambo mawili, mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku hizo hizo askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, wakaasi nao. Wanachama wenzangu, nawaomba mwangalie kwamba madai yale yalikuwa madai ya watumishi wa Serikali. Sisi tukidai nyongeza twaandika barua, twaipeleka kwa mkubwa, kisha twangoja majibu hata tunasahau tuliandika nini. Wao waliwafungia maofisa wao. Aibu iliyofuata twaijua: Serikali changa ilibidi iombe msaada wa askari wa Kiingereza, wakashuka tarehe 25 Januari, na baadaye wakaja askari wa Nigeria kushika zamu mpaka jeshi jipya lipatikane. Jeshi hilo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964.

Kwa hiyo yule asemaye kwamba jeshi ni fedha ya bure, na yule asemaye kwamba jeshi lisiulizwe hesabu, Januari ile yawajibu wote wawili. Kutolipa vema kuna gharama yake. Na jeshi lililojengwa mbali na watu laweza kuwageuzia bunduki watu wanaolilipa.

Sasa nafika mahali ambapo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo sisi wenye kalamu tulipoguswa mfukoni.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, na vijana waliingia kwa hiari. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima, wasio na cheti kikubwa. Mwaka 1966 Serikali ikatoa shauri kwamba wasomi nao waingie kwa lazima, wale wa Chuo Kikuu na wengine waliosoma hata juu. Muda ulikuwa miaka miwili. Miezi michache kijana angekaa kambini, na miezi 18 iliyobaki angefanya kazi yake aliyosomea, huku akipokea sehemu 40 tu katika kila 100 za mshahara. Sehemu 60 zingebaki serikalini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu. Walivaa majoho yao ya chuo. Mmoja katika mabango yao ulisema kwamba afadhali wakati wa mkoloni, na neno hilo peke yake lilitosha kuwaondolea huruma ya mji mzima. Lakini tukiliweka bango kando tukawasikiliza kwa haki, walisema jambo la maana. Walisema kwamba hawakatai kutumikia nchi, bali wanauliza kwa nini wao wakatwe sehemu 60 wakati wakubwa waliotunga sheria hiyo wanaishi maisha ya raha na hawakatwi kitu.

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akakasirika, tena akakasirika sana. Akasema mshahara wake mwenyewe ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwamba mishahara ya wakubwa nchini ni mikubwa mno ukiilinganisha na pato la maskini. Papo hapo akaupunguza wake kwa sehemu 20 katika kila 100, na ya wakubwa wengine serikalini ikafuata. Wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuoni siku ile, wakapelekwa makwao. Baadaye wengi wao wakarudishwa.

Hebu tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Shilingi 5,000 kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka. Mtu maskini apatae shilingi 200 kwa mwezi apata 2,400 kwa mwaka. Basi ilimpasa afanye kazi miaka 25 ili apate kile apatacho Rais kwa mwaka mmoja. Mshahara wa Rais ulipopunguzwa kuwa 4,000, miaka ile 25 ikawa 20. Nasema hivi bila kudharau tendo lile, kwa kuwa sijui wakuu wengi duniani waliojikata wenyewe mshahara mbele ya watu wanaowagombeza. Nasema tu kwamba miaka mitano ilipungua na ishirini ikabaki, na kwamba karani mzuri huandika zote mbili.

Watu wangali wanabishana juu ya siku ile. Wako wasemao wanafunzi walikuwa wachoyo, watoto waliosomeshwa kwa jasho la mkulima wakakataa kumrudishia hata miezi 18. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mkulima hakuwa na asilimia ya kukatwa. Alikuwa na mwanawe tu, naye mwana huyo alikuwa tayari kambini, akilima na kujifunza kwata, wala hakuandamana. Msomi aliyedhani kwamba kambi ni adhabu alikuwa anasema, pasipo kujua, kwamba mwenziwe aliyekwisha kuingia alistahili adhabu hiyo.

Lakini upande wa pili nao usipotee. Swali lao, wewe uniombaye umetoa ngapi, lilikuwa swali zuri, na ushahidi wa uzuri wake ni kwamba lilijibiwa siku ile ile. Hapana mtu apunguzaye mshahara wake kwa ajili ya hoja ya kipumbavu. Miezi minne haikutimia vema, na tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, likawawekea viongozi masharti juu ya mali na mishahara. Siwezi kusema kwamba maandamano yale ndiyo yaliyolizaa Azimio; mambo makubwa huwa na wazazi wengi. Naona tu kwamba swali lilikubaliwa, na waulizaji wakafukuzwa, nami sijapata kumwona mtu aliyenieleza vizuri jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa katika daftari moja.

(Wenye watoto watauliza sheria ile iliishia wapi. Ililala mwaka 1994, ikaamshwa mwaka 2013, na wengi wenu mmewasindikiza watoto vituoni na masanduku yao.)

Baada ya hapo vikaja vita vyenyewe, na vita vina namna yake ya kuwanyamazisha wabishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Mwalimu akasema na watu kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Nani angeuliza bei siku ile? Mwizi akiwa ndani ya nyumba hakuna aulizaye mafuta ya taa yatagharimu kiasi gani.

Nchi nzima ilitoa. Magari ya watu binafsi na mabasi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula. Watu wa vijijini walitoa ng'ombe na nafaka. Jeshi lisilofika watu 40,000 likakua mpaka kupita 100,000, na katika hao maelfu kwa maelfu walikuwa mgambo, yaani watu wa jembe na watu wa ofisi kama sisi. Mwanzoni mwa 1979 adui alikuwa amekwisha kutolewa Kagera. Ndipo likaja swali ambalo lingali linabishaniwa na wazee barazani: je, tuliposimama mpakani, hatungeweza kubaki pale?

Mmoja asema, tungebaki. Kuvuka mpaka kulitugharimu mara nyingi kuliko kumfukuza mtu nyumbani kwetu. Wa pili asema, ungembakiza nyoka kichwa chake kizima mlangoni, ungelipa kila mwaka gharama ya kumlinda, na mwisho wake ungezidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo naipenda, na katika jambo la Kagera naona wa pili alikuwa na nguvu zaidi. Mtu aliyekwisha kuvunja daraja lako na kuitangaza ardhi yako kuwa yake, huwezi kumwandikia bajeti ya ujirani mwema. Walakini methali haisemi bei ya chokaa, wala haisemi nani ataibeba.

Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Gharama yakadiriwa kuwa dola za Marekani kama milioni 500. Kwa nchi yenye pato la kahawa, pamba na katani, hizo ni fedha za kutisha. Tena zilitumika wakati mbaya kuliko wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979, na mvua zikakosa. Umoja wa nchi huru za Afrika haukutulipa kitu. Katika mkutano wake wa Monrovia wa Julai 1979 wako waliotulaumu kwa kuvuka mpaka. Askari wetu wengine walibaki Uganda mpaka 1981.

Watu waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Walio na umri wangu au zaidi hawahitaji kuelezwa. Foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande, karani aendaye kazini na viatu vilivyoshonwa mara ya tatu. Miezi 18 ikapita, na mkanda haukulegezwa. Hapo ndipo ilipoanza nong'ono, na nong'ono ile, kwa maoni yangu, haikuwa ya watu waliojuta kumwondoa Amin. Watu walikuwa radhi na vita. Walichotaka kujua ni hesabu: katika taabu hii yote, ngapi ni vita, ngapi ni ukame, ngapi ni mafuta, na ngapi ni makosa yetu wenyewe katika uendeshaji wa mashirika? Kwa kuwa hesabu hiyo haikuletwa kwao kwa lugha waelewayo, vita vikabeba mzigo wote. Kila shirika lililofilisika likasema vita. Kila ghala lililokuwa tupu likasema vita. Na mkulima aliyetoa ng'ombe wake kwa moyo mweupe akaanza kuhisi kwamba ng'ombe yule bado anachinjwa kila mwaka.

Sasa nakuja kwenye jambo la karibu zaidi, lisilo na damu ndani yake, lakini lenye mafunzo ya kutosha kwa mtu wa daftari. Nasema juu ya rada.

Mwezi Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini. Wakati ule ule ada za shule za msingi zilikuwa zimeondolewa, watoto wakafurika, na wazazi walikuwa wakichangia matofali ya madarasa. Desemba ya mwaka ule Serikali ya Uingereza ilitoa kibali kampuni ya BAE Systems iiuzie Tanzania chombo cha rada kwa pauni milioni 28. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, alipinga. Benki ya Dunia ililalamika. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga wakasema kwamba chombo kile ni ghali mno, na kwamba kwa kuongoza ndege za abiria hakifai vema, kwa kuwa kimefuata zaidi ufundi wa kijeshi.

Ubishi ukaanza mitaani, ule ule wa kwa kinyozi. Mmoja akasema, watoto wanakaa chini, sisi twanunua macho ya kutazama mawingu. Wa pili akajibu, nchi isiyoona anga lake ni nyumba isiyo na komeo, na hao wazungu wanaotukataza wao wanazo rada ngapi? Jibu hilo si la kipumbavu. Nchi yetu ina anga kubwa, na ndege zipitazo hulipa ada. Tena hakuna mtu apendaye kuambiwa na mgeni kwamba mlango wake hauhitaji kufuli. Kwa ajili hiyo watu wengi waliokuwa na mashaka walinyamaza, wasije wakaonekana kwamba wamesimama upande wa mgeni.

Walakini katika kubishana kama rada yahitajika au haihitajiki, watu wachache waliuliza kama ile bei ilikuwa bei ya rada. Mambo haya mawili hayafanani. Naweza kukubali kwa moyo wote kwamba nyumba yahitaji kufuli, na bado nikataka kujua kwa nini kufuli la shilingi kumi limeandikwa kumi na nne.

Miaka ikapita, wapelelezi wa Uingereza wakafungua vitabu. Ikaonekana kwamba kampuni ile ilikuwa imelipa zaidi ya dola milioni 12 kwa wakala aliyesaidia biashara hii ya Tanzania, na katika vitabu malipo yale yaliandikwa kuwa ya huduma za ufundi. Tarehe 21 Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, kampuni ikatozwa faini ya pauni 500,000. Na kosa ililokiri lilikuwa nini? Halikuwa rushwa. Lilikuwa kosa la kutotunza hesabu kwa usahihi. Yaani jambo lililotikisa mabaraza ya mawaziri katika nchi mbili lilifika mahakamani kwa jina la kosa ambalo kila mmoja wetu alionywa nalo wiki ya kwanza ya kazi: ukilipa kwa jambo moja, usiandike jambo lingine.

Kampuni ililipa pia pauni milioni 29.5 kwa faida ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilitolewa mwaka 2012, zikanunua vitabu vya shule za msingi na madawati. Ikumbukwe kwamba hakuna siri hata moja ya ulinzi wa nchi iliyotoka katika kesi ile. Adui hakujua rada yaona umbali gani. Kilichotoka ni bei, nani alilipwa, na jinsi ilivyoandikwa. Waliosema miaka kumi kabla yake kwamba mambo haya ni ya usalama wa taifa, yasiulizwe, walikuwa wakilinda nini hasa?

Najua hoja itakayoletwa hapa, maana nimeisikia kwa wanachama wenye busara kunipita. Husemwa kwamba bei yenyewe ni habari. Adui akijua umetumia kiasi gani, atahesabu una bunduki ngapi. Kuna kweli ndani yake wakati wa vita, na mimi singependa kuona orodha ya maghala ya risasi ikibandikwa ukutani. Lakini fungu la jumla la ulinzi husomwa Bungeni kila mwaka, na adui mwenye akili hulisoma kabla yetu. Sehemu yenye siri ya kweli ni ndogo, nayo yaweza kukaguliwa na mkaguzi wa hesabu pamoja na wabunge wachache walioapishwa, bila mpiga picha. Viatu, unga, mablanketi, saruji ya majengo na mafuta ya magari havina siri yo yote ambayo mwenye duka aliyeviuza haijui. Ni ajabu kwamba muuzaji aruhusiwe kujua, na mlipaji akatazwe.

Kuna hoja nyingine, nayo yatuelekea sisi. Husemwa kwamba makarani hulalamikia fedha ya jeshi kwa sababu wanaitaka wao. Sitaikana moja kwa moja. Kila Serikali ikisoma makadirio, sisi huanza na ukurasa wa mishahara, kisha twatafuta ni nani aliyetuzuilia. Ikiwa twataka bei ya kiatu cha askari iwe wazi, basi na posho zetu ziwe wazi, na masurufu ya safari zetu, na ile semina ya siku mbili iliyolipwa ya siku tano. Mwalimu wa shule ya kijijini alipaye kodi hana sababu ya kumwamini karani kuliko anavyomwamini jenerali. Wote wawili humfikia wakiwa na karatasi ya kutia sahihi.

Na wale waliotutangulia, waliokutana Tanga mwaka 1922 wakaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walikuwa katika hali ngumu kuliko yetu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne tu, na bila shaka walikuwako kati yao watu waliowajua wapagazi ambao mshahara wao ulibaki katika daftari pasipo mwenyewe. Serikali haikuwa yao, bunduki hazikuwa zao, na makadirio hawakuulizwa. Sisi twaulizwa, angalau mara moja katika miaka mitano, na makadirio yachapwa. Mwaka huu nimeyatafuta katika maktaba tatu za mji huu ili niyasome kabla ya kuja kwenu. Katika mbili hayakuwapo. Katika ya tatu yalikuwapo, yamefungwa kamba, na mtunza maktaba akaniambia kwamba mimi ni mtu wa kwanza kuyaomba.

Bwana Rais, nimekwisha kupita muda wangu kwa dakika kadhaa, na huko nyuma naona mkono umeinuliwa tangu nilipokuwa nikisema habari za Kampala. Namwachia nafasi.